Ncha Iligusa Kwanza

Mjukuu wa Zuhura alinipigia simu kutoka Tanga asubuhi, nikiwa nimekaa kibarazani nachambua mchele. Alisema, "Shikamoo bibi. Bibi yetu ametutangulia." Nikamwitikia, nikasema inna lillahi, kisha nikaendelea kuchambua mchele ule mpaka ukaisha, kwa sababu mikono yangu haikujua kazi nyingine ya kufanya. Kesho yake mpwa wangu alinivusha mpaka wa Lunga Lunga, tukaenda kuhani. Kule ndani, kwenye mikeka ya wanawake, mama mmoja aliyeketi ubavuni mwangu aliniuliza nilijuana vipi na marehemu. Nikamwambia, "Tulirusha mkuki pamoja." Aliitazama miguu yangu iliyovimba, akaitazama na bakora yangu, akatabasamu kwa adabu, halafu akamgeukia mwenzake na kumnong'oneza kwamba bibi wa watu ameanza kupotewa na akili. Sikumlaumu. Hata wanangu wa kuzaa wanaijua habari hii nusunusu tu. Wanajua kwamba mama yao alipata kushinda kikombe cha kurusha mkuki mbele ya wasichana wa nchi nne. Hawajui nilikishindaje, na wa mwisho aliyekuwa akijua pamoja nami amekwisha kuzikwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimechukuliwa hospitalini Msambweni kujifunza ukunga. Tulilala wasichana wanne katika chumba kimoja chenye vitanda vya chuma na sakafu ya saruji iliyopigwa deki kila siku kwa dawa, hata ikawa nguo zetu, mikate yetu na ndoto zetu zote zinanuka dawa. Dirisha la chumba lilitazama jiko la wagonjwa. Kwa hiyo tulikijua chakula kabla ya kukiona: mbaazi zikitiwa tui, samaki akikaangwa, na siku za Jumatano ile mboga chungu ya mtsunga tuliyokuwa tukiila nyumbani kwa wari, ugali wetu, ambayo wenzetu wa bara waliisukuma pembeni ya sahani kana kwamba wamewekewa dawa ya minyoo. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani hayo yakichemka naona lile dirisha, na naona mgongo wa Mzee Nyamawi ameinamia sufuria.

Mzee Nyamawi alikuwa mpishi mkuu, Mduruma mrefu mwenye kovu shingoni, aliyekwenda vita vikuu vya pili akiwa askari na kurudi na mambo mawili: kikohozi, na tabia ya kutoa amri. Hakuwa mtu wa kuzungumza na wasichana. Siku aliyoanza kuzungumza nami ilikuwa kwa sababu ya tumbili. Walikuwa wakishuka mitini kuiba ndizi za wagonjwa, na asubuhi moja nilipokuwa napita na beseni la nguo nikamwona mmoja amekumbatia kichane kizima, anakimbilia uani. Nikaweka beseni chini, nikanyakua ufito uliokuwa umeegemezwa ukutani, nikauvurumisha. Haukumpata. Ulikita kwenye nguzo ya ua, shibiri moja juu ya kichwa chake, ukabaki pale unatetemeka, na tumbili akaziacha ndizi. Mzee Nyamawi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alitembea kutoka niliposimama mpaka kwenye nguzo, akihesabu hatua zake kwa sauti, akarudi.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, baba. Nimekulia shambani Kikoneni, naamia ndege kwenye mpunga na kufukuza nyani."

"Kwa mawe?"

"Kwa mawe, kwa vijiti, kwa chochote."

Akaniambia kwamba kambini, zamani zile za vita, wanajeshi walikuwa wakishindana kurusha mkuki, na yeye aliwahi kuwashinda watu wa kikosi kizima. "Mkono unao," akasema. "Miguu huna. Unarusha kama mtu anayemwaga maji machafu. Kesho baada ya alfajiri uje uwanjani."

Sijui hadi leo kwa nini nilikwenda. Labda kwa sababu hospitalini kila mtu alikuwa akinionyesha nisichokijua, na huyu ndiye wa kwanza kuniambia kuna kitu ninacho. Alimwomba fundi aninyooshee ufito na kuuvika ncha ya chuma, na kila asubuhi kabla ya zamu yangu tulikuwa kwenye kile kiwanja nyuma ya wodi, yeye ameketi juu ya debe, mimi nakimbia na kurusha, nakimbia na kurusha. "Bega! Bega linafunguka mapema! Rudi!" Wagonjwa walitoka barazani kututazama. Nakumbuka siku moja napita chini ya dirisha la wodi ya wazazi nikawasikia wanawake wawili wakinisema, hawajui nipo. Mmoja anauliza, "Ndiye mkunga atakayetuzalisha, huyu?" Mwenziwe anajibu, "Mie hanigusi. Mtoto akitoka tu, si atamvurumisha mpaka kisiwani Wasini?" Walicheka mpaka mmoja akaomba ashikwe tumbo. Nilijikunyata pale chini ya dirisha, nikaona haya, halafu nikacheka na mimi. Yule aliyeapa kwamba sitamgusa nilimzalisha mwenyewe wiki mbili baadaye, nikisimamiwa, na mtoto wa kike alimwita jina langu, Mejumaa.

Kisha akaja Bi Salma. Alikuwa mwalimu kutoka Mombasa, mwanamke mnene mwenye miwani na sauti ya kutuliza, aliyepewa kazi ya kutafuta wasichana wa pwani wa kuchezea Kenya katika mashindano ya riadha. Nchi nne zilikuwa zinakuja Mombasa: sisi, Tanganyika, Uganda na Unguja. Alinitazama nikirusha mara tatu, akafunga daftari lake, akasema, "Huyu namtaka." Mjomba wangu alikuja kutoka Kikoneni kusema haiwezekani, mtoto wa kike Mwislamu hawezi kurukaruka mbele ya wanaume na mapaja nje. Bi Salma hakubishana naye. Alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka akamaliza, halafu akamwonyesha vazi alilokwisha kunishonea: gauni la kushuka chini ya magoti, suruali ndefu ndani yake, na kitambaa cha kichwa. "Haya, bwana," akasema, "nionyeshe hayo mapaja." Mjomba akaligeuza lile vazi mbele na nyuma, akanywa chai yake, akasema basi, lakini nirudi na heshima yangu kama nilivyoondoka nayo. Maneno hayo aliyasema kama watu wanavyoyasema, kwa mazoea. Nami niliyachukua hivyohivyo.

Mombasa tuliwekwa katika bweni la shule ya wasichana iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Chumba kilikuwa kirefu, vitanda pande mbili, na nchi zote nne zimechanganywa, kwa kuwa Bi Salma alisema wageni hawatengwi. Kwenye kitanda kilichofuatana na changu alikuja kuwekwa msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, ambaye kabla hajaweka mzigo wake chini alinisikia nikimwita mwenzangu, akageuka na kunisalimu kwa Kidigo. Nikamwitikia kwa Kidigo hichohicho. Alikuwa Zuhura, wa Tanga, babu yake Mdigo kama babu yangu, baba yake karani katika shamba la mkonge. Tulikaa kitandani tukatafuta ndugu, kama watu wetu wafanyavyo, na kabla ya adhuhuri tulikwisha kumpata bibi mmoja wa Vanga ambaye ni shangazi kwake na kwangu mke wa babu mdogo. Nikamuuliza anacheza mchezo gani. Akanyoosha mkono wa kushoto, maana alikuwa na shoto, akasema, "Mkuki. Na wewe?" Tulicheka hata msichana mmoja wa Unguja akatuuliza tumepata habari gani njema.

Kwa siku mbili tulikula pamoja, tukatembea pamoja, tukajifunza pamoja. Alirusha vizuri kuliko mimi. Nasema hivyo sasa kwa urahisi. Wakati ule nilijiambia kwamba tunalingana. Mkuki wake ukiondoka mkononi ulitulia hewani, hauchezi, kama umeambiwa pa kwenda.

Siku ya mashindano, asubuhi, nilikwenda chumba cha Bi Salma kuchukua pini za kufungia kitambaa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, na ndani alikuwa akizungumza na bwana mmoja wa kamati. Nikasikia, "Katika wanawake atachukuliwa mmoja, yule atakayeshinda. Atapelekwa Nairobi akafundishwe, halafu meli, ng'ambo, kwenye mashindano ya dunia." Bi Salma akauliza, "Na wa pili?" Yule bwana akasema, "Wa pili atarudi kwao." Sikuingia. Niliondoka bila pini. Kabla ya maneno hayo nilikuwa msichana aliyekuja kurusha mkuki. Baada yake nikawa mtu mwenye kitu cha kupoteza, na kitu chenyewe sikuwa nacho bado.

Uwanja ulijaa watu. Tulikuwa warushaji saba, na mikuki iliyofaa ilikuwa miwili, kwa hiyo kila aliyerusha alikwenda mwenyewe kuufuata wake. Kila mmoja alipewa mara sita. Mpaka mara ya tano mimi nilikuwa mbele, Zuhura nyuma yangu kwa kiasi cha unyayo. Mara ya sita nilirusha vibaya, mkuki ukaenda kando. Niliufuata, na nilipokuwa naung'oa nikasikia Zuhura anaitwa. Mwamuzi akanionyesha kwa mkono nisimame palepale nilipo, nje ya mstari, mpaka arushe. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa karibu kuliko wote. Niliuona mkuki wake ukija. Uliipita alama yangu kwa hatua mbili kamili, ncha ikachoma udongo, nikaona vumbi dogo linaruka, kisha mkuki ukapiga jiwe au sijui kitu gani, ukachomoka, ukateleza na kulala ubavu kwenye nyasi. Sheria ilikuwa wazi: ncha iguse kwanza. Mwamuzi alikuwa mbali, jua limemkabili. Akainua bendera nyekundu.

Zuhura alikuja mbio. "Ncha iligusa! Bwana, ncha iligusa!" Mwamuzi, Mzungu mzee mwenye kofia, akamwambia kwa upole kwamba mrushaji hawezi kuwa shahidi wa nafsi yake. Halafu akanigeukia mimi. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kusuasua, "Wewe ulikuwa karibu. Umeona ncha kugusa?"

Tundu lenyewe lilikuwa pale, hatua nane kutoka miguuni mwangu, dogo kama la siafu, limejificha kwenye nyasi. Nililitazama. Nikainua macho, nikasema, "Sikuona, bwana."

Nimezalisha watoto kwa miaka zaidi ya arubaini tangu siku hiyo. Kazi ya mkunga ni kuulizwa na watu umeona nini. Nimewaambia akina mama kwamba mtoto amegeuka, nimewaambia kwamba damu ni nyingi mno, nimemwambia mwanamke aliyengoja miaka tisa kwamba mtoto hakulia na hatalia. Mara zote hizo, kabla sijafungua mdomo, nimehisi utelezi ule wa neno "sikuona" kwenye ulimi, namna lilivyotoka kirahisi, bila hata sauti kutetemeka. Sijawahi kulirudia. Lakini nalijua ladha yake.

Nilipewa kikombe. Bi Salma alilia kwa furaha, akampigia simu daktari wa Msambweni ili hospitali nzima ijue. Jioni ile ndugu wa Zuhura wa Mji wa Kale walimletea kapu la chakula: samaki wa kupaka, mikate ya mofa, na ndizi mbivu za nazi. Alitandika kanga sakafuni kati ya vitanda vyetu viwili, akaniita. Nilisema nimeshiba. "Umeshiba nini, nawe tangu asubuhi hujala?" akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alinikatia mnofu wa tumbo, ule wenye mafuta, akaniwekea upande wangu. "Hongera, dada," akasema. "Angalau kikombe kimebaki kwa Wadigo." Nilitafuna ule mnofu. Nilimwona akichukua kichwa cha samaki, akikifyonza polepole na kutazama ukutani, nikatamani anitukane.

Alfajiri tulikutana bombani tukitawadha. Tulikuwa peke yetu. Nikasema, "Zuhura, ncha iligusa kwanza. Niliona."

Alimaliza mguu wa kulia, akaosha wa kushoto, akafunga bomba. "Najua," akasema. "Nilikuona ukitazama mahali pamoja ardhini kabla hujamjibu."

"Mbona hukuniambia chochote jana?"

"Ningekuambia nini usichokijua?"

Nikaanza kulia, nikamwomba anisamehe, nikamweleza habari ya Nairobi na meli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote: "Mejumaa, ulinikana mbele za watu. Sasa waniomba radhi bombani?"

Akaenda kuswali. Nami nikaswali, nikiwa nyuma yake, na sikumbuki nilisoma nini.

Chai ya asubuhi iliandaliwa katika chumba cha chakula, mbaazi na mahamri, wasichana karibu arubaini kwenye meza mbili ndefu, na Bi Salma na wale wakubwa wa kamati na yule mwamuzi kwenye meza ya mbele. Nilisimama. Nikashika meza. Nikasema, "Naomba mnisikilize. Mkuki wa mwisho wa Zuhura uligusa kwa ncha. Mimi niliona. Niliulizwa nikasema sikuona. Nilisema uongo." Sikujua mtu aliyekwisha kusema hivyo hukaa vipi, basi nikabaki nimesimama. Nilisikia kijiko kikianguka. Mwishowe yule msichana wa Unguja akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, nipitishieni sukari," na watu wakaanza kupumua.

Kamati ilikaa kabla ya adhuhuri. Wakasema matokeo yamekwisha kutiwa sahihi, hayabadiliki. Bwana yule wa kamati aliniambia nimeiaibisha Kenya mbele ya wageni. Mwamuzi mzee alivua kofia yake aliponipita, akaivaa tena. Bi Salma alinikalisha chumbani kwake, akaniambia, "Ungekuwa wa tumbo langu ningekuchapa leo, na kesho ningekushonea nguo mpya." Nilimpelekea Zuhura kikombe. Akakigeuza chini juu, akakirudisha. "Kimeandikwa Kenya," akasema. "Tanga nikakifanyie nini, nichotee uji?" Akacheka, kidogo tu, na kwa kicheko hicho nilijua kwamba siku moja, si siku ile, angenisamehe. Miaka mitatu ilipita ndipo barua yake ya kwanza ikaja. Baada ya hapo hazikukoma, na watoto wetu walikua wakiitana ndugu. Ile safari ya ng'ambo nayo haikuwa na kichwa wala miguu: baada ya miezi miwili nilipata barua kwamba mwaka huo hawatapeleka wanawake. Niliuza ukweli kwa meli ambayo haikuwepo.

Nilirudi Msambweni Jumapili alasiri. Nilidhani nitaingia kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Loo! Hospitali nzima ilikuwa nje. Wauguzi walipiga vigelegele, wagonjwa wanaoweza kusimama walisimama, wasioweza walibebwa barazani na vitanda vyao, na wanawake wa wodi ya wazazi waliniimbia wimbo walioutunga wenyewe. Mzee Nyamawi alikuwa amepika pilau katika sufuria ile kubwa ya sikukuu, amevaa medali zake za vita juu ya aproni. Nilipita katikati yao nikitabasamu kama mtu aliyefungwa kamba usoni. Wazo likanijia, na siwezi kusema halikuwa tamu: hapa hakuna ajuaye. Mombasa ni mbali. Nikinyamaza, itakuwa imekwisha.

Nilimfuata Mzee Nyamawi jikoni alipokwenda kupakua. Nilimweleza yote, kuanzia mlango wa Bi Salma mpaka chumba cha chakula, nikiitazama sakafu. Hakunikatiza. Mwiko ulikuwa unakwangua sufuria, kisha ukasimama.

"Huyo binti mwenyewe umemwambia?"

"Nimemwambia, baba."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Alikohoa kikohozi chake kirefu, akajifuta mdomo. Alizivua medali zile mojamoja, akazitia mfukoni. Niliona huzuni yake. Ilikuwa huzuni ya mtu mzima aliyekuwa ameshona nguo ya sikukuu na sikukuu haikuwa yake, na hakunificha. Kisha akaenda mlangoni, akawaambia wote waliokuwa wakingoja na sahani zao, kwa sauti yake ile ya kambini: "Mejumaa amekuwa wa pili! Wa kwanza ni binti wa Tanga! Haya, pangeni mstari, pilau inapoa!"

Watu walitazamana. Mmoja akauliza, "Si tuliambiwa..." na Mzee Nyamawi akamkata, "Tuliambiwa vibaya." Akarudi, akajaza sahani, akaniwekea mbele yangu juu ya meza ya kukatia nyama.

"Kakupita kwa kiasi gani?"

"Hatua mbili."

"Zangu au zako?"

"Zako, baba."

Alifikiri, akitazama nje kule kiwanjani. "Hatua mbili ni nyingi," akasema. "Kula. Kesho baada ya alfajiri tunaanza upya."